Sauti Iliyobaki Kumasi

Essikado, Sekondi
11 Machi 1991

Shemeji Fordjour,

Uwanja umefagiliwa, viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Ahsante kwa kusafiri toka Kumasi na kukaa nasi siku zote za msiba wa mume wangu. Watu bado wanasimulia ulivyolia kaburini. Dada yake Ato alisema, "Huyu Mwashanti mbona analia kutushinda sisi wenye maiti?" Nikamwambia anyamaze. Nyinyi wawili mlipiga gitaa bega kwa bega kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Nina ombi. Ile amplifaya ya Ato haikuwashwa tangu alipoanza kuugua. Wiki iliyopita Kweku, mtoto wa mdogo wake, aliyefundishwa gitaa na Ato mwenyewe, aliichomeka. Ikavuma kama mzinga wa nyuki, kisha tukasikia harufu ya kuungua, kisha kimya. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Fundi Tetteh wa sokoni amejitolea kuitazama, lakini yeye ni mtu wa televisheni. Ataijaza vitu vya redio za siku hizi, nami sitaki.

Februari ijayo, mwaka wa msiba ukitimia, nitavua nyeusi na kuvaa nyeupe. Siku hiyo nataka Kweku apige nyimbo za Ato kupitia amplifaya ileile. Unajua ilivyonunuliwa. Nilitoa shanga za dhahabu alizoniachia mama, Ato akazipeleka Takoradi, akarudi na kasha lile kichwani kwa mpagazi, anacheka peke yake njiani kama mwendawazimu. Sijajuta hata siku moja. Kila nilipoisikia, nilisema moyoni, mama anaimba.

Ilipougua zamani, ni wewe uliyeishika. Je, utaishika tena?

Shemeji yako,
Araba Essilfie

*

Asafo, Kumasi
25 Machi 1991

Mama Esi, shemeji yangu,

Barua yako imenikuta vidole vimejaa risasi ya kulehemu, nikaifungua kwa meno. Unaniomba? Ungempa Tetteh ningekuja Sekondi kugombana, na ungeona aibu mbele ya majirani.

Usiiwashe tena. Zile taa za kioo za ndani, Kweku azichomoe moja moja akiwa amekaa chini, si amesimama, azifunge kwenye kitambaa laini. Kasha lote lije kama lilivyo. Asiliweke karibu na injini ya treni, na asikubali mtu alikalie.

Ule uvumi wa nyuki si ugonjwa wa kuua. Ni kapasita zimekauka, kama mtu aliyenyimwa maji. Ninachoogopa ni transfoma, lile pande la chuma lililo nyuma upande wa kulia. Hilo ndilo moyo. Likiwa zima, mengine yote ni usafi na subira. Ninaliombea kwa Mungu, wala sikutanii.

Ato alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja tu, lakini alinilea kama mtoto wake. Siku yako ya nyeupe itapigwa gitaa. Lala usingizi.

Shemeji yako,
Fordjour

*

Essikado, Sekondi
22 Aprili 1991

Shemeji,

Kweku amerudi salama, ingawa treni ilikaa Dunkwa nusu siku kwa sababu zisizojulikana hata na dereva. Anasema ulimpikia fufu kwa mkono wako na kwamba ilikuwa na mabonge. Nimemwambia ashukuru.

Ameniambia jingine pia. Ulipofungua mgongo wa amplifaya uliweka kiganja juu ya kile chuma, kama mama anayepima homa ya mtoto, ukakaa hivyo mpaka yeye akaona haya akatoka nje. "Mama mkubwa," ameniambia, "yule mzee anaipenda mashine ile kuliko sisi sote."

Niliposikia hayo nililia kidogo, lakini ni kilio kizuri. Nikajua nimeipeleka mahali pake.

Sasa nikueleze ninavyoikumbuka, ili ukimaliza uilinganishe. Ato akigusa kamba polepole, sauti ilitoka safi, haina hata doa. Akiongeza nguvu kidogo ilianza kupasuka pembeni, kama mwanamke anayecheka huku anataka kulia. Na alipopiga kwa nguvu zake zote haikukimbilia mbele. Ilizama kwanza, kidogo tu, kama mtu avutaye pumzi, ndipo ikainuka na kukujaa kifuani. Mimi niliiita pumzi. Ato alikuwa akinicheka: "Mke wangu muuza vitambaa amekuwa mhandisi." Lakini najua kuwa naye aliisikia.

Nirudishie na pumzi yake.

Shemeji yako,
Araba

*

Asafo, Kumasi
2 Septemba 1991

Mama Esi,

Nisamehe kwa ukimya. Vitu nilivyohitaji havipatikani dukani. Taa mbili nimezitoa kwenye mashine ya sinema ya wamisionari iliyokuwa imelala stoo na kuku. Kapasita zote nimebadilisha. Spika ilikuwa imechanika pembeni. Wengine wangeitupa, mimi nimeiziba kwa karatasi nyembamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, maana spika ya zamani haina mbadala, imekwisha kulegea inavyotakiwa. Nimetoa mayai ya mende ambayo sitayaelezea.

Moyo ni mzima.

Jana niliiwasha. Nikangoja taa zipate joto, zikawa nyekundu vizuri, nikachukua gitaa langu na kupiga noti moja. Moja tu. Nikakaa chini juu ya kreti. Mteja alikuja kuchukua pasi yake, akaniuliza, "Master, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo.

Pumzi ipo, shemeji. Umesikia vizuri miaka yote.

Kuna jambo kuhusu mashine hii ambalo mimi na Ato... basi, tuliache. Tutazungumza tukionana uso kwa uso.

Niachie kidogo tu, taa ngeni zinahitaji kuzoeana na zile wenyeji.

Fordjour

*

Essikado, Sekondi
9 Desemba 1991

Shemeji Fordjour,

Nimekuandikia Oktoba, nimekuandikia Novemba. Uko mzima? Kweku alitaka kuja mwenyewe, nikamzuia, nisije nikaonekana ninakusimamia kama kibarua.

Kumbukumbu ni Jumamosi, tarehe kumi na tano Februari. Nguo nyeupe imeshakatwa. Binti yangu Esi atatoka Tarkwa na mumewe. Wale wa bendi ambao bado wana pumzi wote watakuwepo, na kiti chako nimekiweka karibu na changu.

Tunasubiri wewe na mashine.

Shemeji yako,
Araba

*

Asafo, Kumasi
20 Januari 1992

Mama Esi,

Amplifaya ipo tayari, nimemkabidhi mlinzi wa behewa la mizigo, mtu ninayemjua. Kasha nimelipiga vanishi, linang'aa kama la dukani. Mgongo nimeufunga kwa skrubu nyingi. Msiufungue, umeme wa ndani unaua hata ukiwa umeizima, na Kweku ana watoto.

Mimi sitaweza kuja. Kiuno kimenishika na daktari amenikataza safari. Nawaombea siku njema. Ato anajua nilivyompenda.

Fordjour

*

Essikado, Sekondi
19 Februari 1992

Shemeji,

Pole kwa kiuno. Kiti chako kilikaa wazi, nikakiwekea kofia ya Ato.

Siku ilikwenda vizuri. Watu walikula, wakatosheka. Nilitoka chumbani na nguo yangu nyeupe, wanawake wakanipigia vigelegele, hata nikaona aibu kama bibi harusi. Kisha Kweku akawasha. Kasha lilipendeza. Taa nyuma zikawa nyekundu. Akaanza ule wimbo wa Ato wa mabaharia, na uwanja mzima ukainuka kucheza.

Mimi sikuinuka.

Dada yake Ato akanivuta mkono. "Araba, ndiye mumeo huyo anakuita, nyanyuka!"

Nikamwambia, "Huyo siye."

"Siye nani?"

"Sauti hiyo siyo."

Akaniangalia kama nimepagawa. Nilimwita Kweku pembeni, nikamwambia, piga kwa nguvu, kama alivyokuwa akipiga baba yako mkubwa. Akapiga. Ilitoka kubwa, safi, inakimbia mbele kama mbwa aliyefunguliwa. Haikuzama. Haikuvuta chochote. Nikamwambia apige tena, na tena, mpaka watu wakaanza kunitazama, Esi akanishika mabega akanirudisha ndani.

Nieleze, shemeji. Septemba uliniandikia kwamba pumzi ipo. Imekwenda wapi kati ya Kumasi na hapa? Je, imetikiswa njiani? Kuna kitu kimelegea? Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye ninayekuamini.

Araba

*

Asafo, Kumasi
5 Machi 1992

Mama Esi,

Barua yako imenihuzunisha. Nitakujibu kama fundi na kama ndugu.

Kama fundi: kapasita zikiwa mpya, sauti husafika. Ulizoea kusikia mashine mgonjwa, sasa unasikia iliyopona. Tena ulikuwa uwanjani, si ukumbini, na sauti ya uwanjani hutawanyika. Tena Kweku si Ato. Mkono ndio unaopiga, si kasha.

Kama ndugu: masikio ya mfiwa humdai marehemu kila mahali. Mama yangu alipofiwa alisema hata maji ya kisima yamebadilika ladha. Hakuna mashine itakayokurudishia Ato, shemeji. Ningekuwa na uwezo huo ningekuwa tajiri.

Mpe muda. Isikilize tena baada ya mvua.

Fordjour

*

Essikado, Sekondi
2 Aprili 1992

Shemeji Fordjour,

Nimesoma barua yako mara nyingi, nimemsomea na Esi. Amesema, "Mama, mzee anakwambia ukweli kwa upole, na wewe umemshambulia." Nimeona kweli nimekushambulia. Ulifanya kazi karibu mwaka mzima bila malipo, ukaiombea, nami nikakujibu kama mteja aliyeshonewa nguo ikambana.

Naona haya pia mbele za watu. Sokoni nimesikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule aliyesimamisha muziki wa kumbukumbu ya mumewe." Basi nimejiambia, Araba, umezeeka, masikio yamekwenda na Ato, kubali.

Nimekuwa nikimwomba Kweku anipigie jioni akitoka bandarini. Ninakaa, ninajitahidi kuipenda. Wiki hii nimeweza kuisikiliza hadi mwisho.

Nisamehe. Nimekutumia samaki wa kukaushwa, wale wakubwa uliokuwa ukiwaiba jikoni kwangu enzi za mazoezi. Kula, upone kiuno.

Shemeji yako,
Araba

*

Asafo, Kumasi
16 Aprili 1992

Mama Esi,

Samaki wamefika. Ni wazuri.

Tafadhali usiniombe msamaha tena.

Fordjour

*

Essikado, Sekondi
10 Juni 1992

Fordjour,

Jumapili iliyopita nilikuwa Kumasi.

Sikukuarifu kwa sababu nilitaka kukushtukiza. Binti ya dada yangu alikuwa anampa mtoto wake jina, huko Bantama, nikasema nikimaliza nitapita kwako na mkate. Shughuli ilikwisha mapema. Mume wa yule binti, ambaye hanijui vizuri wala hakujui wewe, akasema, "Mama, wewe si mjane wa Ato Essilfie? Kuna bustani ya hoteli hapa karibu, kila Jumapili mchana mzee mmoja anapiga nyimbo za mumeo. Watu wanatoka mpaka Obuasi kumsikia. Wanasema ni kama marehemu amefufuka."

Nikafurahi! Nataka ujue kuwa nilifurahi. Nilifikiri: Fordjour amepona kiuno, anamwenzi mwenzake, na mnyamavu yule hakutaka kujisifu kwangu.

Sikufika hata ndani. Nilikuwa bado getini, kijana wa tiketi anatafuta chenji, nyuma ya ule ukuta wa maua. Nilikuwa sijaona mtu wala gitaa. Nikasikia noti moja ikipigwa kwa nguvu, na kabla haijapanda, ikazama. Ikavuta pumzi.

Nikashikilia nguzo ya geti. Yule kijana akanishika. "Mama, jua limekupiga?" Nikamwambia hapana, ni mume wangu yumo ndani. Akacheka, masikini, akidhani nimekuja kumfumania mume na mwanamke. Akasema, "Basi ingia polepole, umkamate vizuri."

Niliingia. Nilikaa nyuma ya watu wanaokunywa bia. Ulivaa shati la njano. Kiuno chako ni kizima, ulicheza nacho. Miguuni pako palikuwa na kasha jeusi, jipya, baya, kasha ambalo sijawahi kuliona maishani, na ndani yake alikuwa Ato. Ulifumba macho. Ulipiga vizuri, Fordjour. Nilikuchukia kwa ulivyopiga vizuri.

Nilikaa nyimbo mbili. Ya tatu ulipotangaza, "Huu aliutunga ndugu yangu, Mungu amlaze pema," niliondoka. Mkate nilimpa kijana wa getini.

Kweku amefungua mgongo wa kasha langu. Zile skrubu zako zote. Fundi Tetteh, yule niliyemdharau, alisimama naye. Akasema ndani mna vipande vya mashine tatu tofauti, vimeunganishwa kwa ustadi, lakini hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye amplifaya ya zamani. Hata spika siyo. Uliniachia mbao.

Ningeweza kukusamehe wizi. Kuna kitu kingine. Uliniambia masikio yangu ni ya mfiwa. Nilikuwa nasikia vizuri kuliko watu wote uwanjani, na wewe peke yako duniani ulijua hivyo, na bado ukaniambia nina wazimu kwa maneno matamu. Mpaka nikakuomba radhi. Mpaka nikakutumia samaki. Ulikula?

Araba Essilfie

*

Asafo, Kumasi
21 Juni 1992

Mama Esi,

Nilikula. Sikuweza kuwatupa na sikuweza kuwagawa.

Nitakueleza, na ukimaliza kusoma uchane.

Mwaka 1968 tulikwenda kupiga Tarkwa, kwenye ukumbi wa wachimba dhahabu. Umeme wao ulitoka kwenye mtambo wa mgodi. Katikati ya dansi ukaruka juu, transfoma ya Ato ikaungua palepale, moshi mweupe, wachimbaji wakapiga makofi wakidhani ni maonyesho. Ato alikaa nyuma ya jukwaa akalia. Akasema, "Fordjour, hizo ni shanga za mama yake Araba. Nimechoma shanga za mama yake."

Wakati ule nilikuwa ninasuka nyaya za mota kwenye karakana ya reli, Sekondi. Nilichukua chuma cha transfoma ya taa za ishara iliyotupwa, nikaisuka upya kwa mkono, juu ya benchi la Blay, mwenzangu wa karakana, nikitoroka kazi. Waya uliotakiwa ni mnene. Sikuwa nao. Niliokuwa nao ulikuwa mwembamba. Nikatenganisha tabaka kwa vipande vya shati langu la kazi nilivyovipaka vanishi. Nikasema itafanya kazi wiki mbili, tutapata nyingine.

Ile pumzi yako ni waya ule. Ukipiga kwa nguvu, waya mwembamba unaelemewa, umeme unapungua kidogo, sauti inazama, halafu inajikusanya na kuinuka. Haikutoka Uingereza. Mashine ilipotoka dukani haikuwa na pumzi yoyote, ilikuwa inapiga makelele kama zote. Jaribu kukumbuka nyimbo zetu za mwanzo kabisa.

Ato alipoisikia mara ya kwanza alinikumbatia, kisha akaniapisha nisiseme, hasa kwako. Nikaapa. Baadaye tukarekodi, jina lake likapaa, watu wa redio wakamuuliza, "Bwana Essilfie, sauti hii ya ajabu umeipata wapi?" Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Akasema, "Ni amplifaya yangu ya Kiingereza, hakuna nyingine Afrika Magharibi." Aliisema tena na tena, miaka na miaka, mpaka nadhani aliiamini. Ndiyo sababu niliondoka kwenye bendi. Wewe uliambiwa niligombana na mpiga ngoma.

Kweku alipoileta na nikaona vipande vya shati langu bado vimo, havijaoza, nilijua sitairudisha. Nilijidanganya kwamba nitairudisha, nikakuandikia barua ile ya Septemba, lakini nilijua. Nilipiga noti moja na nikasikia kazi ya mikono yangu ikiwa na jina la mtu mwingine. Nina miaka sitini na moja. Nilitaka niisikie ikiwa yangu kabla sijafa.

Ningekuambiaje? Ningemwambia mjane, aliyevaa nyeusi, kwamba shanga za mama yake ziliteketea Tarkwa na mumewe akamficha? Nilidhani bora upate kasha zuri na kumbukumbu nzuri.

Kila kitu nimekifungasha. Sema neno, nitakileta mwenyewe.

Fordjour

*

Essikado, Sekondi
3 Agosti 1992

Bwana Fordjour,

Sikuamini. Nilikwenda Ketan kwa Mzee Blay. Hana meno tena lakini kichwa ni kizima. Nilimuuliza tu, bila kutaja jina lako, kama anakumbuka transfoma iliyosukwa kwenye benchi lake.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ya shati? Fordjour alirudi kwa mkewe kifua wazi! Ato alikuwa amesimama mlangoni anatuambia, jamani, mtu yeyote asimwambie Araba. Tukamuuliza, unamwogopa mkeo hivyo? Akasema, simwogopi, ila kila nikipiga gitaa anasema anamsikia mama yake. Nitamwambia nini sasa, kwamba anaisikia reli?"

Blay alidhani ananifurahisha. Alitaka nicheke naye. Nilicheka, Bwana Fordjour, kwa heshima ya uzee wake, kisha nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kurudi maana sikutaka kukaa karibu na mtu.

Nimeishi na mume miaka ishirini na mitatu baada ya siku ile ya Tarkwa. Kila jioni nilikaa mlangoni nikimsikiliza mama yangu, naye ananitazama nikisikiliza, na anajua. Huenda aliona ni huruma. Sina wa kumuuliza. Ulinichukulia sauti yake, na barua yako ya mwisho ikanichukulia na yeye mwenyewe. Usiku huu chumba kina kitanda na kofia tu.

Lakini usijifiche nyuma ya shanga za mama yangu. Umeandika kwamba ulinyamaza kunihurumia. Ungenihurumia usingeniambia mimi mgonjwa wa masikio. Na hukutakiwa kuniambia habari za Tarkwa hata kidogo. Ungeniandikia mstari mmoja: Araba, chuma hiki nimekisuka mimi, naomba nikae nacho. Basi. Unafikiri ningekunyima? Wewe, uliyekula jikoni kwangu? Ningekiweka kwenye behewa kwa mikono yangu na kukufungia samaki juu yake. Umeiba kitu ambacho ningekupa. Hilo ndilo linanishinda kulielewa, ninaligeuza na kuligeuza.

Usilete chochote. Kweku alitaka kuja kukichukua kwa nguvu, nimemkataza. Kikirudi hapa nitasikia waya wa reli na shati lako, na Ato akiniangalia. Sikitaki ndani ya nyumba yangu.

Kaa nacho. Ila Jumapili, kabla hujawasha, simama mbele ya wale watu wa Obuasi uwaambie kwamba sauti hiyo uliisuka wewe kwa mikono yako, na kwamba Ato alikunyima sifa yake. Ni haki yako, na sitakuwa mtu wa kukunyima tena. Kisha waambie umeipataje. Sentensi zote mbili, si moja. Kama huwezi ya pili, usiseme ya kwanza.

Kitu kimoja hutakipata. Umeniita shemeji tangu nilipokuwa msichana. Neno hilo lilipita kwa Ato, na kwa sasa sijui Ato alikuwa nani. Kwa hiyo usiniandikie kwa jina hilo, wala kwa jingine.

Kasha lako la vipande lipo kanisani. Kweku analipigia kila Jumapili, na waumini wanasema lina sauti nzuri kuliko ya kanisa la ng'ambo ya pili. Mimi hukaa benchi la nyuma. Ninasikia gitaa tu.

Araba Essilfie